Pishi, Kibaba na Mkono Unaomimina

Wanangu, unganisheni viganja vyenu viwili, vidole vibanane, kama mtu anayekinga maji ya kunawa uso. Sasa mwiteni mtu mzima mmoja hapo nyumbani, mwenye mikono ya wastani, achote mchele kwa viganja vyake namna hiyohiyo mara nne, aumimine kwenye sufuria. Mkiupima mchele huo mtaona unazungukia kilo mbili, na mwenye viganja vipana atazidi hapo. Kabla mizani haijaenea madukani, kiasi cha namna hiyo ndicho kilichoendesha jiko, soko na hata ibada katika pwani yetu. Kiliitwa pishi.

Pishi moja ni vibaba vinne. Katikati kuna kisaga, ambacho ni vibaba viwili. Mkipanda juu mtakutana na jizla, yaani pishi 60, kipimo cha wenye mashamba na wafanyabiashara wa jumla, ambacho mama jikoni hakuwa na shughuli nacho. Walioandika habari za Unguja katika karne ya 19 walikadiria kibaba cha nafaka kuwa ratili moja na nusu, kama gramu 680 kwa mizani ya leo, na pishi kuwa ratili sita, kilo 2.7 hivi. Hilo "hivi" nimeliweka makusudi. Tutalirudia, maana ndani yake mna ugomvi mwingi wa sokoni.

Kwanza jiulizeni: kwa nini kibaba kikawa na ukubwa ule, kisiwe kikubwa zaidi wala kidogo zaidi? Jibu liko tumboni. Kibaba kimoja cha nafaka ndicho kilichohesabiwa kuwa chakula cha mtu mzima cha siku nzima. Mpagazi alipokuwa safarini kutoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji, posho yake ya siku ilikuwa kibaba. Kwa hiyo aliyesema "nina pishi moja ya mtama" alikuwa akisema pia kwamba watu wanne watakula leo, au yeye peke yake atakula siku nne. Kilo haikuambii neno kama hilo. Kilo haijui njaa yako.

Hebu tufanye hesabu ya mkuu wa msafara, maana alilazimika kuifanya kila asubuhi. Ana watu 100. Kila mmoja ale kibaba, hivyo vinahitajika vibaba 100, ambavyo ni pishi 25, kilo 68 hivi. Mzigo wa mpagazi mmoja ulikuwa kama frasila mbili, na frasila moja ni karibu kilo 16, basi mzigo wote ni kilo 32. Mmeona? Watu 100 wanamaliza zaidi ya mizigo miwili kwa siku. Wakitaka kubeba chakula cha siku kumi, watu kama 21 kati yao hawatabeba kitu kingine ila chakula cha wenzao. Ndiyo maana misafara haikubeba chakula cha safari nzima kutoka pwani. Ilibeba nguo na shanga, ikanunua nafaka njiani kwa Wagogo na kwa Wanyamwezi, kisha ikajaza akiba kabla ya kukatisha Mgunda Mkali, ile nyika kame iliyokuwa kati ya Ugogo na Unyamwezi, ambako maji yalikuwa taabu na mashamba hayakuwepo.

Na nguo nazo zilipimwa kwa mwili. Mkono mmoja, au dhiraa, ni kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati. Mikono minne ni shuka, minane ni doti. Kitambaa kilichopendwa kuliko vyote kiliitwa merikani, kwa kuwa kilitoka Marekani. Sasa fikirini soko la huko njiani: huku mtu anapima nguo kwa mkono wake, kule mwenzake anapima mtama kwa kibaba chake, na wote wawili wanatazamana kwa makini sana.

Frasila yenyewe haikuwa ya mizigo ya safari pekee. Pembe za ndovu ziliuzwa kwa frasila, na sandarusi, na karafuu za Unguja na Pemba. Kipimo hiki kilivuka bahari. Wafanyabiashara wa Arabuni walikijua, na Ethiopia hadi leo kahawa hutajwa kwa feresula, ambayo ni kilo 17. Kwenye karafuu mtaona jambo la kupendeza: mchumaji alilipwa kwa pishi za karafuu mbichi alizochuma siku ile, lakini mwenye shamba aliuza kwa frasila karafuu zikishakauka. Mmoja alihesabiwa kwa chombo, mwingine kwa uzito, na katikati yao kulikuwa na jua lililokausha kila kitu. Anayetaka kujua nani alipata nini, lazima kwanza ajue vipimo vyote viwili.

Haya, turudi kwenye lile "hivi."

Pishi na kibaba ni vipimo vya ujazo. Huweki nafaka kwenye mizani, unaijaza kwenye chombo. Na chombo kikishajaa kuna swali moja ambalo halikwepeki: juu kukoje? Wazee wetu walikuwa na majibu mawili. Ukipitisha kijiti au kiganja mdomoni mwa chombo, nafaka ikalingana na ukingo, hicho ni kibaba cha mfuto. Ukiacha nafaka ipande, ifanye kilele mpaka punje zianze kumwagika kando, hicho ni kibaba cha tele. Kabla ya kutaja bei, watu walikubaliana kwanza kama ni mfuto au tele. Asiyeuliza alijikuta amelipia tele akapewa mfuto.

Tofauti yake ni kubwa kuliko mnavyodhani, na inategemea umbo la chombo. Chukueni makopo mawili, kila moja lita mbili kamili. La kwanza ni refu, mdomo wake una upana wa sentimita 13. La pili ni pana na fupi, mdomo sentimita 20. Mkiyajaza mahindi makavu kwa mfuto, yanalingana. Sasa mimineni tele. Mahindi hayasimami wima, hutengeneza mteremko wake yenyewe, na mteremko huo ni uleule kwenye kopo pana na kwenye kopo jembamba. Nimepiga hesabu: kwenye kopo refu kilele kinaongeza chini ya sehemu moja ya kumi. Kwenye kopo pana kinaongeza karibu robo nzima! Makopo yaleyale ya lita mbili, mahindi yaleyale, na mtu mmoja anaondoka na nyongeza zaidi ya mara tatu ya mwenzake. Msisadiki tu kwa kuwa nimesema. Jaribuni.

Kisha kuna mkono unaomimina. Ukimimina polepole, kutoka karibu, punje hulala ovyoovyo na kuacha nafasi katikati yake. Ukimimina kwa kishindo, au ukakitikisa chombo, au ukakigonga chini mara mbili tatu, punje hushuka na kubanana, na nafasi ya nafaka zaidi hupatikana. Muuzaji mwenye busara zake hagongi. Mnunuzi naye hunyoosha mkono na kusema, "Tikisa kidogo, bwana." Mazungumzo hayo mmeyasikia sokoni, na mababu zenu waliyasikia pia.

Mtu anaweza kudai kwamba vipimo hivi vilikuwa vya kubahatisha na wazee hawakujua kupima. Mimi sikubaliani naye hata kidogo. Chukueni mfano wa majirani wawili. Mmoja ameishiwa unga, mgeni amefika, anamtuma mtoto kwa jirani akakope vibaba viwili. Jirani anatoa kibaba chake mwenyewe, anapima tele, mtoto anaona. Baada ya mavuno, mkopaji anarudisha unga, na unapimwa kwa kibaba kilekile, tele vilevile. Je, hapo kuna haja gani ya kujua kwamba kibaba kile ni gramu 680 au 640? Aliyetoa amerudishiwa alichotoa, punje kwa punje. Kipimo kimetimiza kazi yake yote, na hakuna serikali iliyohitajika kukigonga muhuri.

Dini nayo iliutia nguvu uaminifu huo. Kila Ramadhani inapokwisha, Waislamu hutoa zaka ya fitri kwa maskini kabla ya sala ya Idi. Kiasi chake ni swaa moja ya chakula kinacholiwa sana mahali pale, na swaa ni mudi nne, na mudi moja ni viganja viwili vya mtu wa wastani vikiunganishwa. Mnaikumbuka ile sufuria yetu ya mchele? Ndiyo hiyohiyo. Watu wa pwani waliona swaa inakaribiana na pishi yao, mudi inakaribiana na kibaba chao, wakazifasiri hivyo, na mpaka leo masheikh hutangaza fitri kuwa pishi moja, kisha huongeza: kilo mbili na nusu hivi. Na katika Kurani kuna sura nzima, ya 83, iliyopewa jina la wanaopunja vipimo. Inawaonya wale wanaotaka wajaziwe wakipimiwa na watu, lakini wao wakiwapimia watu hupunguza.

Sikilizeni vizuri onyo hilo, kwa sababu ndipo shida ya vipimo vyetu inapoanzia. Pishi haina dhambi. Dhambi ni kuwa na pishi mbili: kubwa ya kununulia na ndogo ya kuuzia.

Mwishoni mwa karne ya 19, mafuta ya taa yalianza kuletwa kwa wingi kutoka ng'ambo, yakiwa ndani ya mabati ya pembe nne, galoni nne kila moja, lita 18 na ushei. Mafuta yaliisha, bati likabaki. Nani angelitupa? Likawa la kuchotea maji, likakunjuliwa likaezeka paa, na likawa kipimo: debe. Toka hapo mkulima wa bara alihesabu mavuno yake kwa debe, na kwa Tanzania gunia la mahindi likawa debe sita. Hakuna mtu aliyetunga sheria ya debe. Lilishinda kwa sababu kiwanda kilitengeneza mamilioni ya mabati yaliyolingana, kwa hiyo debe la Shinyanga na debe la Tanga yalikuwa ndugu wa tumbo moja.

Jambo hilohilo limejirudia mbele ya macho yetu. Kenya, kopo la mafuta ya kupikia la kilo mbili likishaisha hugeuka kuwa gorogoro, na katika soko lolote, iwe Kisumu au Machakos, mama anauliza bei ya goro moja ya maharage na kila mtu anamwelewa. Tanzania tunayo sado, lile kopo la rangi la lita nne, lililopata jina kutokana na rangi za Sadolin. Nyanya, viazi, dagaa, vyote vinaingia kwenye sado. Wanaouza kidogokidogo wana fungu, mnunuzi anaona kwa macho anachopewa. Mchicha unakwenda kwa vicha. Ndizi zina mkungu na chane. Kwa nyanya za jumla kuna tenga.

Lakini bati ni laini, na hapo ndipo mkono wa hila ulipopata kazi. Ukiligonga debe kutoka ndani, kuta zake huvimba kwa nje, na tumbo lake hula zaidi. Hilo ni debe la mnunuzi anayezunguka vijijini. Ukiigonga gorogoro kitako kutoka nje, chini hubonyea kuingia ndani, na nafasi hupungua. Hiyo ni gorogoro ya muuzaji wa rejareja. Yote mawili yanaitwa kwa majina yaleyale ya zamani, na kwa mbali yanafanana na yale ya haki. Kwa hiyo mkienda sokoni, msitazame kilele peke yake. Ombeni kopo tupu, mligeuze, mpapase kitako chake.

Na kuna tatizo ambalo si la hila. Debe halijui kilichomo. Debe la mahindi makavu, likiwa limejazwa tele, huwa na kilo 17 au 18. Debe la mpunga ni jepesi zaidi, kwa kuwa maganda yake yanabeba hewa. Karanga zenye maganda ni nyepesi mno, mtoto anaweza kuliinua debe lake. Kwa hiyo anayebadilishana debe la mchele kwa debe la mpunga anapaswa kufikiri mara mbili. Wazee walilijua hilo, wakaweka bei tofauti, lakini anayetoka mjini na anayetoka kijijini hawakuwa na ujuzi sawa, na tofauti ya ujuzi iligeuka kuwa pesa.

Kusini, kwenye korosho za Mtwara na Lindi, mtasikia neno kangomba. Ni kikopo ambacho walanguzi hununulia korosho mkononi mwa mkulima, nje ya ghala la chama cha ushirika. Kangomba moja huhesabiwa kama kilo, na ndani yake mna zaidi ya kilo. Kwa nini mkulima akubali? Kwa sababu mlanguzi anakuja na pesa taslimu, wakati ghala bado halijafunguliwa na mtoto anadaiwa sare ya shule. Serikali imepiga vita kangomba kwa miaka mingi, na mwaka 2018, serikali ilipoamua kununua korosho yenyewe, jina hilo lilitajwa nchi nzima. Nami nasema wazi: namlaumu mwenye kopo, simlaumu mwenye shida.

Na lumbesa mmeiona, hata kama hamjui jina lake. Tazameni malori yanayoingia mjini na viazi vya Njombe au vitunguu vya Ruaha Mbuyuni. Gunia limejaa mpaka mdomoni, kisha juu yake kumeshonewa wavu au kipande cha gunia lingine, na ndani ya hicho kichwa mkajazwa viazi zaidi. Kenya kichwa hicho wamekiita mukurinu, kwa kufanana na kilemba cha waumini wa Akorino. Bei ni ya gunia moja. Mnajua hii ni nini? Ni tele, ile tele ya kibaba, imekua mpaka imekuwa jitu. Tele ya zamani ilikuwa na mpaka uliowekwa na punje zenyewe: zikizidi, zinamwagika. Kichwa cha lumbesa kina kamba na sindano, kwa hiyo hakimwagiki, na mwenye sindano ndiye anayeamua kitaishia wapi. Anayeumia mara ya kwanza ni mkulima. Anayeumia mara ya pili ni kijana mpakizi anayelitupia mgongoni gunia ambalo binadamu hakuumbwa kulibeba.

Sheria zipo. Tanzania ina Wakala wa Vipimo, ulioanzishwa mwaka 2002, na kanuni zinataka gunia la mazao lisizidi kilo 100 na mazao yauzwe kwa uzito. Kenya ilitoa kanuni za viazi mwaka 2019, gunia lisizidi kilo 50. Maofisa wa vipimo huzunguka wakikagua mizani na kuibandika alama, na wakati mwingine malori ya lumbesa hukamatwa barabarani. Hata hivyo lumbesa bado ipo, kwa kuwa shambani hakuna mizani, na anayekuja na gari ndiye anayekuja na bei. Katika vijiji ambavyo wakulima wamejiunga na kununua mizani yao wenyewe, mazungumzo hubadilika siku hiyohiyo: badala ya kubishana juu ya kichwa cha gunia, wanabishana juu ya bei ya kilo, ambao ni ubishi unaoweza kumalizwa kwa kalamu.

Sasa kazi yenu. Chukueni kopo mnalopimia nyumbani, goro, sado, kibaba kama bado mnacho, na chupa ya maji ya lita moja. Lijazeni maji mpaka ukingoni mkihesabu chupa, mjue ujazo wake wa kweli, muuandike. Likausheni vizuri, mwende nalo kwa mwenye duka aliye na mizani, mumwombe awapimie mahindi ya kopo hilo kwa mfuto, kisha kwa tele, kisha tele baada ya kutikisa. Mtapata namba tatu. Fanyeni hivyo kwa maharage pia, na kwa mpunga kama mnaupata. Muulizeni babu au bibi kipimo hicho kiliitwaje alipokuwa mdogo, na kama kwao walipima tele au mfuto, maana kila mtaa ulikuwa na desturi yake. Halafu mama akiwatuma sokoni, muulizeni muuzaji bei ya kopo kwa mfuto na bei yake kwa tele, mgawe kila bei kwa uzito mlioandika, na mumwambie mama ipi ni nafuu kabla hajafungua pindo la kanga.